Mgonjwa nyumbani, magugu shambani: tuliyoyaona Kasenyi

Jina la mama huyu lilikuwa kwenye orodha yetu, na tulilikata kwa kalamu nyekundu. Sheria ya koperative ilisema wazi: mwanachama akikosa mikutano mitatu bila kutoa habari, hapati mbegu za msimu. Yeye alikuwa amekosa minne. Basi siku ya kugawa maharagi na mahindi, wenzake waliitwa mmoja mmoja, yeye hakuitwa. Sisi tuliotoka Bunia na mizani na viloba hatukuuliza yuko wapi. Karatasi ilikuwa imeshajibu.

Wiki mbili baadaye tulirudi kutembelea mashamba. Tukakuta moja majani yamefika kiunoni, mihogo michanga imemezwa kabisa, huwezi kujua mstari unaanzia wapi. Mmoja wetu akasema, "Huyu naye ni mvivu." Mwenyekiti wa koperative, mtu wa maneno machache, akaangalia chini kwanza, halafu akajibu polepole: "Hapana, baba. Huyu iko na mgonjwa."

Wasomaji wetu wamezoea kupata hapa habari za mbegu, za nafasi kati ya mashina, za bei ya soko. Safari hii tunaandika juu ya ugonjwa, maana tumegundua kwamba katika vikundi tunavyovitembelea, mashamba mengi yanayokufa hayauawi na jua wala na wadudu. Yanakufa kwa sababu mtu mmoja ndani ya nyumba amelala, na yule wa kulima amekaa kando ya kitanda chake. Majina hatutayataja. Kasenyi si pakubwa, na mambo ya ugonjwa ni ya wenyewe. Mama huyu alikubali tuandike baada ya kutuuliza swali moja: "Mutaandika na ile ya kunikata jina?" Tulimwambia ndiyo.

Kwa asiyepafahamu: kutoka Bunia unapita Bogoro, halafu barabara inashuka mlima kwa kona nyingi, na kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyopanda, mpaka unafika bonde na Ziwa Albert limetandazwa mbele yako. Ni kilomita 50 na kidogo tu, lakini barabara ikiharibika na usalama ukiwa mbaya, inakuwa safari ya siku nzima. Wazee wengine bado wanaliita ziwa Mobutu, kama lilivyoitwa wakati wa Zaire. Ng'ambo ni Uganda. Mwanzoni mwa mwaka 2018 maelfu ya watu walivuka hapa kwa mitumbwi wakikimbia vita, na kati ya wanachama wetu wako waliorudi na kukuta nyumba haina paa.

Watu wa hapa wanakula kwa mikono miwili: mmoja ziwani, mmoja shambani. Kwa kawaida baba anaenda na mtumbwi usiku, mama analima muhogo, mahindi na maharagi, na samaki ndiye analeta franka za kila siku. Shamba linaleta chakula, na mbuzi ndio benki. Mkono mmoja ukivunjika, ule mwingine unabeba yote. Mkono uliovunjika katika nyumba hii ni wa baba.

Alianza kuchoka miaka miwili kabla ya sisi kumjua. Mtu aliyekuwa akivuta nyavu usiku mzima na kurudi akiimba, sasa alirudi akaketi. Kisha tumbo likaanza kuvimba, upande wa kushoto pakawa na kitu kigumu chini ya mbavu, miguu ikabaki myembamba. Mtaani wakasema amelishwa sumu. Wakamtaja hata mtu, jirani waliyegombana naye kwa ajili ya nyavu. Mama anasema mbuzi wawili waliondoka kwa muganga wa kienyeji, wa tatu akaondoka kwa muganga mwingine aliyepinga maneno ya yule wa kwanza. Zaidi ya mbuzi, walipoteza ujirani. Watoto wa nyumba hizi mbili waliacha kuchota maji pamoja.

Halafu ukaja usiku ambao alitapika damu. Si kidogo. "Beseni nzima," mama anasema, na anaonyesha kwa mikono ukubwa wake.

Msomaji wa Ituri anajua kilichofuata hata tusipokiandika. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 upande wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, na mwezi wa tisa mwaka uleule ikapatikana Tchomia, hapahapa kando ya ziwa. Ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Kwa hiyo mtu akitapika damu Kasenyi, hakuna anayengoja maelezo. "Batu walikimbia," mama anasema. "Hata dada yangu mukubwa alisimama kule kwa barabara, akanisemesha kutoka mbali. Miye siko na hasira naye. Hata miye ningekimbia, kama asingekuwa wangu."

Alifanya jambo moja ambalo tunaliandika hapa kwa makusudi, maana si wote wanalifanya. Hakuigusa ile damu kwa mikono mitupu. Alimtuma kijana wake akaite kituo cha afya, naye akakaa na mumewe akimwekea kichwa upande ili asipaliwe. Muuguzi alikuja na glavu, akachukua vipimo, wakangoja. Haikuwa Ebola. Mgonjwa akapelekwa hospitali kwa moto, amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa motari, mama akifuata kwa moto ya pili. Hospitalini wakamwekea damu. Siku ya nne ndipo akafanyiwa ekografi, na daktari akawaeleza ni nini.

Ni bilariziozi, ile ya tumbo, ambayo Waswahili wa pwani wanaiita kichocho. Inabidi tukae hapa kidogo, kwa sababu ugonjwa huu ni wa ziwa, na karibu kila mwanachama wetu wa Kasenyi anagusa maji yale kila siku.

Minyoo yake ni midogo, kama sentimita moja. Inaishi ndani ya mishipa ya damu inayotoka kwenye utumbo kwenda kwenye ini, dume na jike wamekumbatiana, na inaweza kuishi hivyo miaka 3 mpaka 10, mingine zaidi. Daktari Mjerumani anayeitwa Theodor Bilharz ndiye aliyeiona kwanza, Cairo, mwaka 1851, na ndiko jina la ugonjwa lilikotoka. Lakini minyoo yenyewe haiui. Mayai yake ndiyo yenye shida. Mengine yanatoka na choo. Choo kikifika ziwani, yai linapasuka, kidudu kinamtafuta konokono fulani mdogo wa maji, kinaingia ndani yake, na baada ya wiki chache konokono yule anaanza kutoa vidudu vingine kwa maelfu, hasa jua likiwa kali. Hivyo ndivyo vinavyomwingia mtu. Havimpati kwa kunywa tu: vinapita kwenye ngozi, kwa dakika chache, umesimama unafua au unavuta nyavu, na wala huhisi.

Mayai mengine hayatoki. Yanakwama kwenye ini, mwaka baada ya mwaka, na ini linajaa makovu. Damu inayotoka utumboni inakuta njia imefungwa. Inarudi nyuma, bandama linavimba (lile jambo gumu upande wa kushoto), tumbo linajaa maji, na mishipa ya koo la chakula inatanuka mpaka siku moja inapasuka. Ndiyo ile beseni.

Hakuna jirani aliyemlisha mtu kitu. Mama anasema daktari alipomaliza kueleza, baba alilia, na si kwa sababu ya ugonjwa. Alikuwa akimfikiria yule jirani.

Kidonge kinachoua minyoo hii kinaitwa prazikwanteli. Kinapimwa kwa uzito wa mtu. Mwenye kilo 60 anameza vinne vya miligramu 600 kwa mara moja, baada ya kula. Wengine wanasumbuliwa na tumbo au kizunguzungu siku hiyo, kisha inapita, na wasiseme kwamba dawa imewadhuru. Lakini kidonge hakifuti makovu yaliyokwisha kukomaa kwenye ini. Hilo baba alilielewa polepole. Alidhani atameza, atalala, kesho arudi ziwani. Badala yake alipewa dawa ya kila siku ya kupunguza nguvu ya damu kwenye ile mishipa, akakatazwa pombe, akakatazwa kubeba vizito, na akaambiwa asinunue kamwe kwenye maduka ya dawa vile vidonge vya maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, maana vinaweza kuleta damu tena. Huu ni ugonjwa wa kuishi nao. Kila mwezi kuna safari ya kuchukua dawa, na kila mara kuna uwezekano wa usiku mwingine kama ule.

Sasa tuje shambani, ndiko kazi yetu iliko.

Tulimwomba mama atuhesabie vitu vilivyotoka nyumbani tangu ugonjwa ulipoanza, kwa mpangilio wake. Alihesabu kwa vidole, bila kusita, na tukaona kwamba kichwani mwake alikuwa ameandika daftari nzima. Mbuzi watatu kwa waganga wa kienyeji. Mbuzi wa nne na wa tano, majike yote mawili, moja likiwa na mimba, kwa hospitali ya kwanza. Redio. Halafu mihogo ikiwa bado ardhini: mchuuzi alikuja, akaliangalia shamba, akataja bei, na mama alikubali kwa sababu hospitali ilikuwa inangoja na mgonjwa haruhusiwi kutoka kabla ya kulipa. Alipata, kwa hesabu tuliyoifanya naye baadaye, chini ya nusu ya kile ambacho angepata kama angevuna mwenyewe na kuuza cossette kavu. Halafu maharagi aliyoyaweka kwa ajili ya mbegu. Hayo hakuyauza, waliyala, siku ambazo yeye alikuwa hospitalini na watoto wako peke yao nyumbani.

Kitu kimoja hakukiuza, nacho ni mtumbwi na nyavu. Ndugu wa mumewe walimshauri auze, tena haraka, kabla bei haijaanguka. Alikataa. Aliwaita vijana wawili wa mtaa, akawapa mtumbwi kwa makubaliano: kila wanaporudi ziwani, sehemu ya samaki ni ya nyumba. Siku nyingine sehemu yenyewe ni sahani moja ya samaki wadogo. Siku nyingine ni ya kutosha kukausha na kuuza. "Nikiuza nyavu, nakula mwezi moja," alituambia. "Kiisha nitauza nini? Mutoto?"

Tumewauliza wanachama wengine wa Kasenyi waliowahi kuuguza, na tumeona tofauti ileile. Waliosimama tena ni wale waliouza vitu vinavyokula bila kuzaa, kama redio, baiskeli isiyotumika na beberu. Waliobaki chini waliuza jembe, jike, mbegu na nyavu. Si kwamba hawakuwa na akili. Ugonjwa unakuja usiku, na usiku mtu anauza kilicho karibu. Ndiyo maana tunashauri mume na mke wakae siku moja wakiwa wazima, waseme: ikitufikia, tunaanza na hiki, na kile hatukigusi. Ni mazungumzo mabaya. Mmoja wetu alijaribu kuyafanya nyumbani kwake baada ya safari hii, na mkewe akamuuliza kama anamtabiria kifo. Lakini waliyafanya.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye hesabu ya mbuzi, nayo ni siku. Hospitali zetu, kila mtu anajua, zinataka mgonjwa aje na mtu wake. Wa kumpikia, kumwosha, kumfulia, kukimbilia dawa mtaani, kulala chini kwenye mkeka kando ya kitanda. Mama alikaa huko siku kumi na tisa mara ya kwanza. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua imeanza, wenzake wanapanda. Alirudi, akapanda kwa kuchelewa, akapalilia mara moja. Mwezi wa tano damu ikarudi. Siku kumi na moja nyingine. Yale magugu ya kiunoni tuliyoyaona ni ya siku hizo kumi na moja.

Na pale ambapo mama hakuwepo, alikuwepo binti wa kwanza. Ana miaka 14. Aliacha shule mwezi wa nne, hakuna aliyemwambia aache, aliacha tu, kama mtu anavyoinuka kuchukua kitu kilichoanguka. Alipika, alilea wadogo wanne, alipeleka chakula hospitalini. Tulipomuuliza kama anataka kurudi shuleni, alimwangalia mama yake kabla ya kujibu.

Mkutano wa koperative uliofuata haukuwa mtulivu. Tuliomba suala la sheria ya mikutano mitatu lizungumzwe, tukidhani watu wote watakubali mara moja. Hawakukubali. Baba mmoja alisimama na kusema maneno ambayo yana haki yake: "Kila nyumba iko na mugonjwa. Tukisema mwenye mugonjwa asikuje, nani atakuja?" Mwingine akasema wako wanaojificha nyuma ya ugonjwa. Mama mmoja mzee akamjibu kwamba anayejificha anajulikana, Kasenyi si Kinshasa. Wakacheka, na kuanzia hapo mazungumzo yakashuka joto.

Walichokubaliana ni kidogo, na ni wazi. Sheria ya mikutano mitatu imebaki, lakini kabla ya kukata jina, watu wawili wanatumwa nyumbani kwa mwanachama kuona. Sisi tuliona aibu kwamba jambo dogo kama hilo halikuwamo tangu mwanzo. Fomu ile tuliiandika sisi, si wao. Pili, salongo ya kikundi, ile ya Jumanne, sasa inaanza na shamba la aliyeuguza. Saa mbili tu, watu wote, kisha wanaenda kwenye shamba la pamoja. Watu ishirini kwa saa mbili wanamaliza kazi ambayo mama peke yake angeifanya kwa wiki. Walipoingia kwenye lile shamba mara ya kwanza, ilikuwa imebaki mihogo ya kuokoa, mahindi yalikuwa yameshapotea.

Jambo la tatu lilichukua muda zaidi, ni la pesa. Kikundi hiki kina AVEC, kama vikundi vyetu vingi. Mfumo huu wa kuweka akiba kwenye sanduku lenye kufuli tatu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa kijijini waliosaidiwa na CARE, na umeenea Afrika nzima kwa sababu hauhitaji benki. Ndani yake kuna sehemu mbili: akiba ya kukopeshana, yenye faida, na mfuko wa msaada, ambao kila mtu anatia kidogo kila wiki. Kasenyi mfuko wa msaada ulikuwa ukitumika kwa kilio tu. Mtu akifa, pesa inatoka siku hiyohiyo. Mtu akiugua, anaambiwa akope kwenye akiba, na faida juu. Mama alikuwa amekopa hivyo, na deni lilikuwa linakua wakati yeye analala kwenye mkeka wa hospitali.

Katibu wa kikundi, kijana aliyesoma kidogo hesabu, aliuliza swali ambalo halikupata jibu la haraka: "Kwa nini tunalipia jeneza na hatulipii moto ya kwenda hospitali?" Sasa mfuko unatoa pesa ya usafiri na ya siku tatu za kwanza hospitalini, bila faida, irudishwe baada ya mavuno. Kiwango kina mpaka, maana mfuko ni mdogo, na wagonjwa wawili wa wakati mmoja wanaweza kuumaliza. Hilo halijatatuliwa. Deni la zamani la mama walikubali lisimame bila kuongezeka mpaka avune. Kulifuta walikataa, na yeye mwenyewe alisema afadhali hivyo.

Kwenye muhogo kuna mambo mawili ambayo tungependa kila koperative ya kando ya ziwa iyasikie. Muhogo ni zao zuri kwa nyumba yenye mgonjwa, kwa kuwa unangoja. Mahindi yakikauka yanataka mkono wako wiki hiyo, muhogo unaweza kukaa ardhini miezi mingine sita bila kukulaumu. Palizi ya miezi mitatu ya kwanza ndiyo haiwezi kungoja. Ukiikosa hiyo, kama ilivyotokea hapa, hakuna kitu cha kungojwa. Kwa hiyo kikundi kikiwa na siku chache tu za kusaidia, zitolewe hapo.

La pili ni hatari zaidi. Muhogo mchungu unataka kuvundikwa siku tatu au nne majini kabla ya kukaushwa, ili sumu yake itoke. Nyumba ikikosa mikono, siku hizo zinakatwa. Binti alikuwa akivundika siku moja, kwa sababu wadogo walikuwa na njaa. Watu wanaokula hivyo kwa muda, bila samaki wala maharagi ya kutosha, wanaweza kupata konzo, ule ugonjwa unaokaza miguu ghafla na haurudi nyuma, ambao Kongo inaujua vizuri kuliko nchi yoyote. Na zaidi ya hapo, wengi wanavundika ziwani kwenyewe, wamesimama majini hadi magotini, mahali palepale penye konokono. Yaani mwanamke anatoa sumu kwenye muhogo huku vidudu vya bilariziozi vinaingia kwenye miguu yake.

Mama sasa anavundika kwenye pipa, nyumbani. Pipa ni lile la plastiki la lita 200, lililokatwa juu. Kikundi kilinunua matatu na yanazunguka. Maji ya kuogea na kufulia pia yanachotwa na kuachwa yamefunikwa siku mbili kabla ya kutumika, maana vile vidudu visipompata mtu vinakufa katika muda huo. Kumwingia ziwa bado inabidi, mtu atachotaje? Lakini wanachota asubuhi mapema, jua halijakaza, na hawakai. Choo kimechimbwa nyuma ya nyumba. Mchanga wa Kasenyi unabomoka, shimo la kwanza liliporomoka, la pili likazungushiwa mawe.

Shuleni, watoto huwa wanapewa prazikwanteli wakati wa kampeni. Wavuvi wako ziwani siku hiyo, au wanadhani ni dawa ya watoto. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2022 kwamba mahali penye ugonjwa huu mwingi, dawa itolewe kila mwaka kwa kila mtu kuanzia miaka 2, wakubwa pia, na hata mama mjamzito baada ya miezi mitatu ya kwanza. Basi mtu wa ziwani asingoje kuitwa. Aende kituo cha afya na choo chake kwenye kikopo, aombe kipimo. Katika nyumba hii waliopimwa baada ya baba walikuwa sita. Watano walikuwa nayo. Walimeza, wote siku moja, baada ya bugari na samaki, na kesho yake mdogo kabisa alilalamika tumbo mpaka saa sita mchana, kisha akaenda kucheza.

Mtu ambaye hatujamzungumzia ni mama mwenyewe. Kila anayekuja pale anauliza, "Mugonjwa anaendeleaje?" Tulipomuuliza yeye anaendeleaje, alidhani hatujamsikia vizuri, akaanza kutueleza habari za baba. Amekonda. Anaamka usiku mara tatu kusikiliza kama mumewe anapumua. Yule dada yake aliyesimama barabarani ndiye sasa anakuja kulala pale Alhamisi na Ijumaa, ili mama alale kwenye nyumba nyingine, mlango umefungwa. Hawakuzungumza juu ya ule usiku wa barabarani. Dada alikuja tu na godoro lake kichwani.

Baba tulimkuta ameketi chini ya mti, nyavu zimetandazwa mapajani, anashona matundu. Hawezi tena kuvuta, lakini mikono yake bado inajua kazi, na wavuvi wanamletea nyavu zao kutoka mpaka upande wa pili wa kijiji. Wanalipa kwa samaki, wakati mwingine kwa franka. Kati ya nyavu zilizokuwa zikingoja siku ile, rundo moja lilikuwa la yule jirani. Tulimuuliza kama wamepatana. "Ameleta nyavu," alijibu.

Binti amerudi shuleni tangu mwezi wa tisa, darasa lilelile alilokuwa ameliacha, na siku za kliniki bado anakosa. Mama amerudishwa kwenye orodha. Maharagi tulimpelekea wenyewe, kilo 5, tukiwa tumechelewa kwa msimu mmoja, na alizipima upya kwa mizani yake kabla ya kuweka alama ya kidole.